Waliotapeliwa hawakukosa ushahidi

Tangu LBL, mradi wa mtandaoni ulioahidi faida ya haraka, iporomoke mwanzoni mwa 2025 na polisi wa mikoa kadhaa waanze kuwakamata waliokuwa wakiiendesha, maelezo yanayotolewa kuhusu waliopoteza fedha ni yale yale tuliyoyasikia DECI, mradi mwingine wa aina hiyo, ilipozimwa mwaka 2009: watu wana tamaa, watu hawana elimu ya fedha, watu wanataka utajiri wa usiku mmoja. Yamesemwa redioni, yamesemwa madhabahuni, na kwenye vijiwe vya Kabwe na Mwanjelwa hiyo ndiyo kauli inayofunga mjadala. Kwa maoni yangu maelezo hayo ni mepesi, na yanatuumiza. Wengi waliopoteza fedha zao hawakuingia kichwakichwa. Waliomba ushahidi, wakapewa, wakaukagua, wakaridhika. Kasoro ni kwamba waliomba ushahidi ambao tapeli anaweza kuutengeneza mwenyewe, yaani cheti, ofisi, mtu wanayemfahamu na malipo ya mwanzo yanayoingia kwa wakati. Mwekezaji wa Mbeya, Iringa au Njombe anayetaka kubaki na hela yake hana budi kubadilisha aina ya ushahidi anaoudai, na adai ule ambao anayeomba fedha hana mkono nao.

Namfahamu mwalimu mmoja mstaafu wa Uyole aliyeweka sehemu ya kiinua mgongo chake kwenye mradi ambao sitautaja. Alinionyesha kaunta buku lake. Kila malipo yameandikwa kwa kalamu ya bluu, tarehe upande wa kushoto, kiasi upande wa kulia, na chini ya kila ukurasa jumla imepigiwa mistari miwili kama alivyowafundisha wanafunzi wake. Kwenye faili la plastiki ana nakala ya cheti cha BRELA (wakala wa usajili wa biashara), namba ya mlipakodi na leseni ya biashara ya halmashauri. Ofisi yao aliifikia kwa miguu yake. Kijana aliyempeleka ni mwanafunzi wake wa zamani wa darasa la nne. "Mwanangu, mimi sikukurupuka," aliniambia, na nikimtazama na lile daftari lake naamini hakukurupuka. Malipo yaliingia mara nne, kisha simu zikawa hazipokelewi.

Tuanze na hizo karatasi, maana ndizo zinazodanganya wengi. Cheti cha BRELA kinathibitisha kwamba kampuni yenye jina hilo imesajiliwa. Namba ya TRA inathibitisha kwamba mamlaka ya kodi inamtambua mlipakodi huyo. Leseni ya biashara inamruhusu kufanya biashara aliyoitaja kwenye fomu, iwe ushauri, uuzaji wa miche au huduma za mtandao. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomruhusu mtu kupokea fedha za umma na kuahidi kuzirudisha na faida. Ruhusa hiyo ina milango yake. Kupokea amana, yaani fedha ambazo watu wanakuwekea utunze, kunahitaji leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006. Kuuza hisa, hatifungani (hati za kuikopesha serikali au kampuni kwa riba) au vipande vya mifuko ya uwekezaji kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. SACCOS, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, hupewa leseni na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na hupokea akiba za wanachama wake tu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliweka madaraja manne, na daraja la pili, ambalo ndilo lenye kampuni nyingi za mikopo zilizojaa mijini kwetu, haliruhusiwi kabisa kupokea amana. Kwa hiyo kampuni ya mikopo inaweza kuwa na leseni halisi ya Benki Kuu ukutani na bado ikavunja sheria siku inapokwambia uiachie milioni mbili ikuzalishie. Jambo hili halisemwi vya kutosha.

Swali basi halipaswi kuwa "wamesajiliwa?" Wamesajiliwa, na pengine hata kodi wanalipa. Cha kuuliza ni wamepewa ruhusa na nani ya kupokea hela yangu kwa ahadi ya faida, na jibu usilichukue kwao. Orodha za wenye leseni ziko Benki Kuu yenyewe, ambayo ina tawi Mbeya mjini, na kwenye taasisi nyingine nilizozitaja. Nakala iliyotolewa kwenye steshenari haithibitishi lolote hata ikiwa na mhuri wa rangi. Mihuri inachongwa.

Ushahidi wa pili ni malipo ya mwanzo, na huu una nguvu kuliko karatasi zote, kwa sababu mtu anaamini kilichokwisha kuingia kwenye simu yake. Lakini piga hesabu. Ukimpa mtu milioni 1 naye akaahidi asilimia 30 kwa mwezi, anaweza kukulipa laki tatu mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu kwa hela yako mwenyewe, bila kufanya biashara yoyote na bila hata kumtapeli mtu mwingine. Wewe utaandika kwenye daftari kwamba umepata faida ya laki tisa. Kwa kuwa umelipwa, utaongeza mtaji, na kwa kuwa umefurahi, utamwambia shemeji. Kwa tapeli malipo hayo ni gharama ya tangazo, tena tangazo rahisi kuliko la redio, kwa kuwa linatangazwa na mtu anayeaminika nyumbani kwake. Na ahadi yenyewe ikichukuliwa kama ilivyo haiwezi kuwa kweli. Milioni 1 ikizungushwa kwa asilimia 30 kila mwezi inapita milioni 23 baada ya mwaka mmoja, inapita milioni 540 baada ya miaka miwili, na mwaka wa tatu unamalizika ikiwa imevuka bilioni 12. Mwenye biashara ya namna hiyo hahitaji pensheni ya mwalimu wa Uyole. Hatifungani za muda mrefu za serikali katika miaka ya karibuni zimetoa riba ya kati ya asilimia 12 na 16, na hiyo ni kwa mwaka.

Charles Ponzi, ambaye utapeli huu wa kuwalipa wa mwanzo kwa hela za wanaofuata umepewa jina lake, aliwaahidi watu wa Boston mwaka 1920 faida ya asilimia 50 kwa siku 45. Alidai ananunua kuponi za posta za kimataifa kwa bei ya chini nje ya Marekani na kuzibadilisha kwa bei ya juu nyumbani. Biashara hiyo kinadharia ilikuwepo. Kilichomuumbua ni watu waliouliza zilipo hizo kuponi, wakakuta kwamba ahadi zake zilihitaji mamilioni na mamilioni ya kuponi wakati zilizokuwa kwenye mzunguko zilikuwa maelfu tu.

Swali la Boston ndilo tunalopaswa kuuliza Nyanda za Juu Kusini, kwa sababu utapeli wa huku huvaa nguo za huku. Haujitambulishi siku zote kwa sarafu za mtandaoni. Unakuja na parachichi, na miti ya mbao, na viazi, na kuku. Ya kuku tunaikumbuka: kampuni iliyojiita Mr. Kuku Farmers ilikusanya mabilioni kwa ahadi ya kuwafugia watu kuku na kuwalipa faida nono ndani ya miezi, hadi mahakama ilipomtia hatiani mwendeshaji wake mwaka 2020 kwa kosa la kuendesha upatu, jina ambalo sheria yetu inaupa utapeli huu. Sasa chukua mkulima yeyote wa Rungwe au Njombe umuulize kuhusu parachichi. Atakwambia mche wa parachichi aina ya Hass uliobebeshwa huanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu, na unataka miaka zaidi kabla mavuno hayajawa ya kueleweka. Muulize wa Mufindi kuhusu paini, atakwambia mbao nzuri inasubiriwa miaka 15 hadi 20, na wengi wanaovuna mapema wanavuna kwa shida, si kwa hesabu. Basi mtu anapokuuzia "umiliki" wa ekari ya parachichi iliyopandwa msimu huu kisha akaanza kukulipa gawio kila mwezi kuanzia mwezi ujao, usishangilie gawio. Mti haujatoa hata ua. Hela hiyo imetoka kwa mtu, na mtu huyo ni yule aliyejiunga baada yako, au ni wewe mwenyewe.

Viazi vinakomaa kwa miezi mitatu minne, kwa hiyo hapo tapeli anapata nafasi ya kupumua, lakini viazi vina kipimo kingine. Aliyewahi kupakia lumbesa Njombe au Uyole kupeleka Dar es Salaam anajua kwamba bei anayoiacha shambani siyo anayoikuta sokoni, na kwamba mvua moja ya ziada inaweza kumeza faida ya msimu mzima. Biashara ya kilimo ina misimu mizuri na mibaya, ndivyo ilivyoumbwa. Anayekuhakikishia asilimia ile ile kila mwezi kutoka shambani anakwambia kwa kinywa chake kwamba faida hiyo haitoki shambani. Ukanda huu una watu wanaojua mazao kuliko karibu wote wanaokuja kuwauzia uwekezaji wa mazao. Ajabu ni kwamba maarifa hayo tunayaacha mlangoni tunapoingia kwenye semina ya hotelini.

Sasa nirudi kwenye hoja ya tamaa, ambayo naiona dhaifu kuliko zote ingawa ndiyo inayopendwa. Ingekuwa tamaa ndiyo chanzo, tungetarajia waathirika wawe ni wale waliokimbilia ahadi kubwa kupindukia. Bernard Madoff wa New York hakuahidi makubwa. Wateja wake walikuwa wakipata kama asilimia 10 hivi kwa mwaka, mwaka baada ya mwaka, na kati yao kulikuwa na mabenki, taasisi za hisani na watu waliosomea fedha. Alipokamatwa Desemba 2008, taarifa zake za akaunti zilionyesha kiasi cha dola bilioni 65 ambazo hazikuwepo. Dalili haikuwa ukubwa wa faida bali unyoofu wake, kwa kuwa soko linapanda na kushuka na yeye hakushuka. Na kulikuwa na dalili kubwa zaidi: kampuni yake ndiyo iliyokuwa ikiwekeza, ndiyo iliyotunza mali za wateja, na ndiyo iliyoandika taarifa za akaunti. Mkaguzi wake alikuwa ofisi ndogo sana nje ya jiji. Harry Markopolos, mchambuzi wa Boston, aliwaandikia wasimamizi wa masoko ya Marekani tangu mwaka 2000 kwamba hesabu hizo haziwezekani, na hawakumsikiliza. Ukiwaita wateja wa Madoff walafi utakuwa umewatukana bila kueleza chochote. Na kwetu, neno tamaa lina madhara mengine: linamfanya aliyeibiwa aone aibu, anyamaze, na ukimya wake unampa tapeli miezi mingine sita mtaa wa pili.

Hoja ya elimu ya fedha ina uzito zaidi, na sipendi kuibeza. Ni kweli kwamba mtu anayejua riba ya hatifungani hatishwi wala halevywi na asilimia 30. Tatizo ni elimu inayotolewa. Semina nyingi humfundisha mtu kuweka akiba, kuandaa bajeti na "kuchunguza kabla ya kuwekeza", na mwalimu wangu wa Uyole alifanya yote matatu. Hakuna aliyemwambia achunguze wapi. Mtu akiambiwa tu achunguze, atachunguza kile anachoweza kukiona, na tapeli ameshakiweka hapo akisubiri aje akione.

Iko hoja ya tatu ambayo wachambuzi wa mjini huikwepa, na watu wa Njombe wana haki ya kuisema: hata zenye leseni huanguka. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa kukosa mtaji wa kutosha, na mojawapo ilikuwa Benki ya Wananchi Njombe. Waliokuwa na akiba humo walikuwa wamefuata kila kanuni ninayoihubiri hapa. Ukiongeza na AMCOS, vyama vya ushirika vya mazao, ambazo wakulima wamezidai malipo yao hadi wakachoka, unaelewa kwa nini mtu anasema afadhali nimpe kijana wa jirani ninayemjua. Siwezi kusema hoja hiyo haina msingi. Leseni haizuii hasara. Lakini tazama kilichofuata Njombe. Kulikuwa na msimamizi aliyejua vitabu vya benki ile, kulikuwa na tarehe ya kufungwa, na kulikuwa na Bodi ya Bima ya Amana iliyowajibika kulipa wenye amana hadi shilingi milioni 1.5 kila mmoja, waliozidi hapo wakasubiri ufilisi. Kiwango hicho kilikuwa kidogo na kiliumiza, na baadaye kimepandishwa hadi milioni 7.5. Kwa upande mwingine, kampuni ya kuku: zaidi ya shilingi bilioni 5 zilizokutwa kwenye akaunti ziliamriwa kutaifishwa kuwa mali ya serikali. Aliyeweka hela yake kule hakuwa mteja wa kulindwa machoni pa sheria. Tofauti ya mahali hapo pawili huonekana siku ya kuanguka, na siku hiyo haina taarifa.

Kuhusu kijana wa jirani, yeye ndiye ushahidi wa tatu, na ndiye mgumu kuliko wote kwa sababu mara nyingi hadanganyi. Analipwa kweli, anaamini kweli, na mama yake naye ameweka. DECI ilipita makanisani, ikaongozwa na wachungaji ambao baadaye, mwaka 2013, mahakama iliwatia hatiani, na lugha yake ilikuwa ya kupanda mbegu na kuvuna. Uaminifu wa mtu aliyekuletea habari ni kitu cha kweli, lakini unahusu tabia yake, hauhusu vitabu vya kampuni ambavyo hata yeye hajawahi kuviona.

Na hapa ndipo vikoba vyetu vinapojua jambo ambalo waliovaa suti wanalisahau. Kwenye kikundi kizuri, iwe Kihesa au Tukuyu, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, na asiyetunza ufunguo ndiye anayekaa na sanduku. Hela inahesabiwa mbele ya wote siku ya kikao. Wanachama wanapendana, wanasali pamoja, na bado wameweka kufuli tatu. Mfumo mkubwa wa fedha ukiwa halali unafanya vivyo hivyo. Kwenye mifuko ya UTT AMIS, taasisi ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, anayeamua fedha ziwekezwe wapi siye anayezitunza. Mali za mfuko zinakaa kwa benki mtunzaji, na kuna hesabu zinazokaguliwa na kuchapishwa. Hatifungani yako ya serikali imeandikwa kwa jina lako Benki Kuu, hata wakala aliyekusaidia kuinunua akifunga ofisi kesho. Mfuko wa Hatifungani wa UTT unaanza na shilingi 50,000, kwa hiyo dai kwamba milango halali ni ya matajiri halisimami tena. Muulize yeyote anayetaka hela yako: nikikupa, itakaa kwa nani ambaye si wewe? Kama namba ya kutumia ni ya simu ya mtu binafsi, au akaunti ni ile ile ya kampuni inayokuahidi faida, una sanduku lenye kufuli moja na ufunguo uko mfukoni mwake.

Miradi ya kwenye simu imeongeza ujanja mmoja unaostahili kutajwa. Salio linaloonekana kwenye programu yao ni tarakimu zilizoandikwa na wao. Linaweza kusoma milioni 8 bila shilingi yoyote kuwepo popote. Siku utakayotaka kutoa na ukaambiwa ulipe kwanza "kodi", au "ada ya kufungua akaunti", au uunganishe watu wengine watano, ujue mradi umeshakufa na wanakukamua kilichobaki. Kodi halali hukatwa kwenye malipo, huombwi kuituma kando.

Serikali haiwezi kunawa mikono. Kuendesha upatu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, lakini kukamata huja baada ya kilio, na wanaolipwa hawalii. Benki Kuu hutangaza, kama ilivyofanya Novemba 2024 ilipotaja programu 69 za mikopo zisizo na leseni, ila matangazo hayo hukaa tovutini na kwenye magazeti ambayo hayafiki Makete wala Kyela kwa wakati. Wenye nafasi ya kuuona mradi mapema ni maofisa biashara wa halmashauri, kwa sababu miradi mingi ya aina hii hupita dirishani kwao kuchukua leseni, kisha leseni hiyo ndiyo inayotundikwa ukutani kuwatuliza wateja. Sioni kwa nini leseni ya biashara isichapishwe na sentensi moja kubwa chini yake: mwenye leseni hii haruhusiwi kupokea amana wala kukusanya fedha za uwekezaji kutoka kwa umma. Wino wa sentensi hiyo ni wa bei nafuu, na mwalimu wa Uyole angekuwa na nakala yake kwenye lile faili la plastiki.

Kwa walioko ndani ya mradi hivi sasa, jambo la haraka ni kudai mtaji, siyo faida, na kuudai wote kwa maandishi. Kulipwa elfu hamsini tu hakuthibitishi chochote. Waache kuunganisha ndugu wakati jibu halijapatikana. Kwa walioibiwa tayari, majina na namba zao zimebaki kwa waliowaibia, na orodha kama hizo huuzwa. Atakayepiga simu miezi michache baadaye akijitambulisha kuwa wakili, ofisa wa benki au mtu wa kitengo cha kurejesha fedha, akiwa anajua hata kiasi ulichopoteza, ataomba ada ndogo ya kufungulia faili. Akituma ujumbe wa simu wa aina hiyo, unatumwa bure kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, pamoja na namba iliyoutuma, na nakala ya kwanza ya malalamiko inapelekwa kituo cha polisi pamoja na kaunta buku lenyewe, kabla halijapotea.